Salamu ya Mikono Miwili

Mkono wa Iddi uko palepale tulipouacha Jumapili iliyopita. Uko kwenye breki.

Mzee Gharib naye hajasogea. Amesimama juu ya sakafu ya mtambo, ameinama kidogo, amepiga makofi matatu ya salamu, pa, pa, pa, na anasubiri kujibiwa.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita ulifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, nitakueleza kwa pumzi moja. Iddi wa Ujiji anataka kumwoa Hasna, binti wa Mzee Gharib wa Mwandiga. Mshenga alipoulizwa kijana anafanya kazi gani, alijibu kama alivyofundishwa: kijana ni mshika breki kwenye mtambo wa kutafuta mafuta kule Ilagala, mshahara laki tatu na nusu kwa mwezi.

Uongo mtupu. Iddi ni kibarua wa tope. Anabeba magunia ya unga wa udongo, anayamimina kwenye tangi, anakoroga, anapiga deki sakafu ya mtambo, kisha anabeba tena. Elfu moja mia tano kwa siku, na siku mtambo ukilala na pesa inalala.

Lakini asubuhi hii Erick, mshika breki wa kweli, alikuwa na samaki wa jana tumboni, migebuka. Saa nne ilipofika, migebuka ile ilidai njia. Mnyororo wa kufungia breki ulikatika juzi na umepelekwa Katubuka kuchomelewa. Watu wa sakafu walikuwa wanakunywa chai. Erick akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona Iddi na ndoo yake ya deki.

"Mshikaji wangu, shika hapa! Usifanye kitu chochote. Usiachie. Dakika tano tu!"

Akamvika kofia yake nyeupe, ili msimamizi akichungulia kwa mbali aone nyeupe iko mahali pake, akaziruka ngazi tatu tatu kuelekea chooni.

Ndipo Mzee Gharib alipotokea, na dada yake Bi Saumu nyuma yake, wamekuja kumkagua mkwe kazini bila taarifa. Uongo wa Iddi ukawa kweli, ingawa kwa dakika tano tu.

Haya, sasa tuko pamoja.

"Mwakeye," alisalimu Mzee Gharib kwa Kiha, akapiga makofi tena.

Msomaji wa Dar es Salaam, usicheke. Kwa Waha salamu si neno la kumrushia mtu huku unapita. Unasimama, unainama, unapiga makofi, unauliza habari za nyumba, za watoto, za shamba, na mwenzako anakujibu kwa mikono yake yote miwili. Mzee Gharib alishamkataa mwalimu mmoja wa Kasulu, mwenye cheti na redio, kwa sababu alimsalimu huku mkono mmoja umeshikilia baiskeli.

"Shikamoo, baba!" Iddi alipaza sauti, maana injini zilikuwa zinanguruma.

"Hiyo shikamoo ya shuleni nimeisikia. Mikono iko wapi?"

"Ipo, baba."

"Mimi naona mmoja."

Iddi alijaribu. Kwa mkono wa kulia, uliokuwa huru, alijipiga paja. Pa, pa, pa.

"Unaua mbu?" aliuliza Mzee.

Iddi akapiga goti. Mkono wa kushoto ukabaki juu umeng'ang'ania breki, kama mtoto aliyeshikwa sikio na mwalimu. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka.

"Saumu, beba kikapu chetu," alisema Mzee Gharib. "Yule wa Kasulu angalau alikuwa na baiskeli."

Iddi aliona Hasna anamponyoka. Kule Mwandiga kulikuwa na barua nyingine ya posa, ya mfanyabiashara wa chumvi wa Uvinza, mwenye wake wawili na lori. Hasna alimtumia Iddi ujumbe wa maneno sita: baba atamjibu mtu wa chumvi Ijumaa. Na leo ni Jumatano. Iddi alimpenda yule binti mpaka usingizi ulikuwa umemhama, na sasa mapenzi yote hayo yalikuwa yamening'inia kwenye makofi matatu.

Vidole vyake vikalegea.

Mabomba yalishuka shubiri moja tu. Mtambo mzima ukatetemeka, na sufuria la chai huko chini likaanguka.

"USITOE MUKONO!"

Sauti ilitoka kwenye tangi la tope. Mtu aliyetapakaa udongo kuanzia nywele hadi kucha aliruka ukingo, akapanda ngazi mbio, akasimama mbele ya Iddi anahema.

Huyu ni Dismasi. Alivuka ziwa mwaka jana na mkewe na watoto watatu, katika maboti yale yaliyokuwa yakishusha watu wa Zaire kila alfajiri. Jina lake limeandikwa kambini, na mkimbizi hana ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi. Kwa hiyo Iddi alimleta mtamboni kama mjomba wake wa Ilagala. Na kwa kuwa lafudhi ya Dismasi ingemfichua kwa neno la kwanza, Iddi alimwandikisha kuwa ni bubu.

Watu wa zamu wote wanajua. Asiyejua ni msimamizi, Bwana Theophil, na akiwepo Bwana Theophil, mjomba huzungumza kwa vidole.

"Ni nani huyu anayemfokea mkubwa wake?" aliuliza Mzee Gharib.

Dismasi alimtazama mzee, akaitazama kofia nyeupe kichwani kwa Iddi, akaelewa yote. Huyu bwana hakuwahi kuhitaji kuambiwa jambo mara mbili.

"Muzee, minaomba musamaha," alisema na kuinama. "Miye ni mutu wa tope tu. Huyu ndiye mukubwa wetu. Lakini akitoa mukono pale, mabomba yote inaanguka ku shimo, na siye tunaifuata. Mushika breki hapana salimia mutu kwa mikono mbili. Hata kama ni mama yake muzazi amekuja."

"Hata mama yake?"

"Hata mama. Kule kwetu kulikuwa mutu mumoja wa breki. Bakamuletea habari, mama yake amekufa. Akalia sana, muzee. Lakini alilia na mukono juu ya breki, mupaka mwenzake akapanda kumupokea. Saa mbili muzima."

Bi Saumu aliweka kikapu chini. "Masikini ya Mungu! Alikuwa nani huyo?"

"Mutu mumoja tu, mama," alijibu Dismasi, akageuka kulitazama tangi lake.

Mzee Gharib aliutazama mkono wa Iddi juu ya breki. Kisha akatafuta ndoo ya deki ya Iddi, akaigeuza kichwa chini, akaikalia.

"Basi salamu yangu itasubiri," alisema. "Lakini maswali hayasubiri. Mimi naona umeshika chuma. Mtu analipwaje laki tatu na nusu kwa kushika chuma?"

Hapa, ndugu msomaji, Iddi angeumbuka kama si Dismasi. Maana kila zamu ilipokwisha, wawili hao walikaa nyuma ya ghala la magunia, Dismasi akauegesha mpini wa ufagio kwenye debe, akasema, "Hii ni breki. Fundisha mukono yako." Dismasi aliishika breki miaka kumi na moja, kwenye visima vya mafuta kule pwani ya Zaire. Sasa anakoroga tope, na analipwa elfu moja, pungufu ya Iddi, kwa kuwa bubu hadai.

"Baba," alisema Iddi, "chuma hiki kinashikilia tani arobaini. Mabomba yote yaliyoko shimoni yananing'inia kwenye waya ule, na waya unashikwa na breki hii. Sindano hii inanionyesha uzito. Mwamba ukiwa laini, nateremsha. Ukiwa mgumu, nasubiri. Nikiwa na pupa bomba linapinda, nikichelewa kampuni inapata hasara. Saa kumi na mbili kila zamu, kusimama. Chai naletewa hapahapa."

"Na kujisaidia?" aliuliza Bi Saumu.

"Shangazi, hilo... hilo linategemea."

"Wiki ngapi kazini?"

"Nne. Halafu wiki mbili nyumbani."

"Wiki mbili tu!" Bi Saumu alipiga makofi ya furaha. "Hasna ana bahati. Mimi, marehemu mume wangu alikaa nyumbani mwaka mzima."

Bi Saumu alikuwa ameanza kumzunguka Iddi polepole, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Alipofika nyuma, akasimama. Nyuma ya kofia nyeupe, kwa rangi nyekundu, paliandikwa ERICK.

Mzee Gharib hakusoma shule. Bi Saumu alisoma hadi darasa la nne, na alisoma kweli.

"Mwanangu," alimnong'oneza Iddi sikioni, "siku hizi unaitwa Erick?"

Moyo wa Iddi ulisimama, ukawaza, ukaendelea.

"Shangazi, nifichie."

"Vitenge viwili. Vya kutoka ng'ambo, vizito, si hivi vya kuchuja."

"Nitaleta."

"Vitatu," alisema Bi Saumu, akarudi kwenye kikapu chake na uso wa mtu aliyetoka kuswali.

Mzee hakuona kitu. Alikuwa anatazama juu, kwenye mnara. "Yule anayening'inia kule?"

"Mpanda mnara. Anayapanga mabomba yakipanda juu. Laki mbili na ishirini."

"Na wale wanaokunywa chai?"

"Watu wa sakafu. Wanafunga na kufungua mabomba kwa koleo kubwa. Laki na nusu. Wanalipwa kwa ajili ya vidole vyao, baba. Yule wa kulia amebaki na vitatu."

"Na huyu wa tope?"

Iddi aliitazama sindano. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliulizwa habari zake mwenyewe.

"Elfu moja mia tano. Kwa siku."

Mzee Gharib akacheka mpaka ndoo ikayumba. "Elfu moja mia tano! Mtu huyo nisingempa hata kuku wa kitoweo, sembuse binti!"

Iddi naye akacheka. Ilibidi acheke. Lakini akatazama pembeni, akaona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Dismasi hakucheka. "Muzee, tope ndiyo inashikilia kisima chini," alisema taratibu. "Tope ikikosa uzito, kisima inaamuka."

Akageuka kulitazama tangi. Akalitazama tena. Alipoliacha, tope lilikuwa vidole vinne chini ya alama nyeupe. Sasa alama yenyewe ilikuwa imezama.

"Iddi," alisema kwa sauti ndogo. "Kisima imeamuka."

Sindano ya uzito ikaanza kucheza. Tope kwenye mfereji likaja kwa kasi, limejaa mapovu, na harufu yake ilikuwa ya mayai viza. Huko chini ya ziwa na mwamba, kitu kilichokuwa kimelala tangu enzi kilikuwa kinapanda kuwasalimu.

"Simamisha meza!" aliita Dismasi.

Iddi akavuta mpini wa kulia. Meza iliyokuwa inazungusha mabomba ikasimama.

"Pandisha bomba! Polepole! Hapana ogopa!"

Hii haikuwa ya ufagio. Iddi alilegeza breki, akatia injini gia, na tani arobaini zikaanza kupanda mkononi mwake. Aliusikia uzito wote kwenye kiwiko. Bomba likapanda kimo cha mtu, likapanda kimo cha watu wawili.

"Simama hapo! Banisha breki! Zima pampu!"

Pampu ikazimwa. Kelele zikapungua. Na hapo ndipo kila mtu aliposikia jambo la kutisha kuliko kelele: pampu imezimwa, lakini tope bado linatoka. Linatoka lenyewe.

Watu wa sakafu waliacha vikombe, wakakimbilia ziwani. Yule wa vidole vitatu ndiye aliyeongoza. Mlinzi wa getini alikuwa ameshafika majini.

"Kaka, tukimbie!" Bi Saumu alilia.

Mzee Gharib alisimama. Alimtazama kijana mwenye kofia nyeupe. Ngazi zilikuwa hatua nne tu kutoka alipo, na kijana hakuzitazama. Miguu yake ilikuwa inatetemeka waziwazi, lakini mkono haukutetemeka.

"Sikimbii," alisema Mzee. "Mkwe wangu hajakimbia."

"Mupini mwekundu!" aliita Dismasi. "Miye sifiki, tope imeziba njia. Iko upande yako, Iddi! Fungeni mudomo ya kisima!"

Iddi akanyoosha mkono wa kulia. Mpini mwekundu ulikuwa mbali kwa shubiri moja. Akinyoosha zaidi, ataachia breki.

"Baba!" aliita.

Sijui kama Mzee Gharib aliwahi kupewa amri na kijana. Alirukia mpini mwekundu kwa mikono yake yote miwili, akauvuta kwa nguvu za miaka sitini ya jembe. Chini ya sakafu kitu kizito kikajifunga, KHUU! Tope likapungua. Likawa uzi. Likakatika.

Kimya. Ndege wa ziwani wakasikika tena.

Bi Saumu alifumbua macho. Alikuwa amekikumbatia kikapu, na mihogo yote ilikuwa imemwagika.

"Tumekifunga?" aliuliza Mzee Gharib, bado ameng'ang'ania mpini.

"Tumekifunga, baba."

Mzee akatabasamu, na sijui kama ni mkwe au ni mpini ule uliomfurahisha zaidi. Iddi alijua kwamba dakika ile ile angeweza kuomba binti akapewa, na lori la chumvi likarudi Uvinza tupu. Alifungua kinywa.

"Jamani, mbona pampu imezimwa?"

Erick! Alikuwa anapanda ngazi, suruali ameishika kwa mkono mmoja, uso umekauka. Nyuma yake, mbio, kitabu cha matukio kwapani na kalamu mkononi, alikuja Bwana Theophil, msimamizi wa mtambo, Mhaya wa kupiga pasi hata soksi.

Erick hakuuliza la pili. Alimsukuma Iddi kando, akadaka breki kwa mkono mmoja. Sasa akawa kwenye mtego mpya. Mkono mmoja breki, mkono mmoja suruali, na mkanda uko chooni.

"Nani alikuwa kwenye breki?" aliuliza Bwana Theophil.

"Mimi, bosi," alijibu Erick. "Niko hapa tangu asubuhi."

Bi Saumu aliangua kicheko. Mzee Gharib akapandwa na hasira.

"Mwongo mkubwa! Huyu ametoka chooni sasa hivi, muulize mkanda wake uko wapi! Aliyefunga kisima ni huyu hapa, mkwe wangu. Mshika breki wako!"

"Mzee, wewe ni nani? Umeingiaje humu?"

"Nilimsalimu mlinzi, nikaingia."

"Na nani kakwambia huyu ni mshika breki?" Bwana Theophil alimvua Iddi kofia nyeupe, akaiweka kichwani kwa Erick. "Huyu ni Iddi. Kibarua wa tope."

Basi, njia ya mwongo ni fupi, na ya Iddi iliishia pale.

Mzee Gharib hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliitazama mikono ya Iddi, wa kushoto kisha wa kulia, kama ndiyo kwanza anaiona.

"Sasa iko huru yote miwili?"

"Iko huru, baba."

"Nisalimie."

"Mzee, hapa kuna uchunguzi..." alianza Bwana Theophil.

"Salamu kwanza," alisema Mzee Gharib.

Watu wa sakafu walikuwa wamerudi kutoka ziwani, wamelowa hadi kiunoni, na wengi walikuwa Waha. Wakavua kofia. Bwana Theophil akaona hana mtu upande wake, akanyamaza.

Iddi aliinama. Akapiga makofi kwa mikono yote miwili, na Mzee akaitika kwa yake. Hasna alimwambia zamani: mbele ya baba yangu, mikono ikishapiga makofi, ulimi haudanganyi mpaka salamu iishe. Ukidanganya ndani ya salamu, baba atakusamehe, lakini hatakusalimu tena maisha.

"Mwakeye."

"Mwakeye, baba."

"Mama yako Ujiji?"

"Hajambo, baba."

"Nyumba yake ya bati, aliyoisema mshenga?"

Iddi alifumba macho. "Bati upande mmoja, baba. Upande wa pili ni nyasi."

"Na boti la marehemu baba yako?"

"Liliuzwa mwaka juzi."

Bi Saumu alijishika shavu. Mzee akapiga makofi, taratibu zaidi.

"Na kazi?"

"Mimi ni kibarua wa tope. Elfu moja mia tano kwa siku. Yule uliyesema usingempa kuku ni mimi. Breki nimeishika leo mara ya kwanza. Nilidanganya kwa sababu nampenda Hasna, na niliona ukisikia tope utafunga mlango kabla sijafika barazani. Basi, baba. Sina jingine."

Bi Saumu alikuwa bado amejishika shavu. Hata Erick aliacha kuhangaika na suruali yake.

"Nilipokasirika," Mzee Gharib alisema, "nilipomwambia Saumu abebe kikapu. Ungeweza kuiachia hiyo breki ukanisalimu vizuri."

"Ningekuua, baba. Vidole vililegea mara moja tu, na uliona mtambo ulivyotetemeka."

"Na kwa kutoiachia, ulijua nitakunyima binti."

"Nilijua."

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Yule wa Kasulu hakuachia baiskeli kwa kuwa aliipenda baiskeli," alisema, na sentensi ile hakuimaliza. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, na akajifanya ni ile harufu ya mayai viza. "Jibu lako la Hasna liko mwisho wa salamu, na salamu haijaisha. Kuna mtu sijamwulizia."

Akapiga makofi matatu.

"Mtu hazaliwi anajua kufunga kisima. Mwalimu wako hajambo?"

Bwana Theophil akafungua kitabu cha matukio. "Hilo ni swali zuri sana," alisema. "Hata mimi nataka jina la huyo mwalimu. Aliyekuwa anafundisha vibarua kugusa mtambo wangu, leo hii atapanda gari la kwenda kituo cha polisi."

Hapo Iddi akaelewa mtego alioingia. Akitaja jina, Dismasi atarudishwa kambini na karatasi ya polisi, mkewe na watoto wale watatu wakose hata ile elfu moja, na asante ya kuwaokoa wote iwe pingu. Akikana, akisema nilijifundisha mwenyewe, Mzee Gharib atamsikia, maana wazee hawa huusikia uongo kabla haujavuka meno. Salamu itavunjika. Ijumaa mtu wa chumvi atajibiwa.

Mikono ya Mzee ilikuwa bado hewani, inangoja.

Iddi alifungua kinywa. Alikuwa ameshaamua, nakuapia. Lakini alichoamua hakikusikika, kwa sababu nyuma yake yalilia makofi mengine. Pa. Pa. Pa. Makofi mazito, yenye maji, ya mikono iliyojaa tope.

Mjomba bubu wa Ilagala alikuwa ameinama mbele ya Mzee Gharib mpaka kichwa kikakaribia sakafu.

"Mwakeye, muzee," alisema bubu. "Mwalimu hajambo. Lakini jina yake muniulize miye, hapana mutoto."

Kalamu ilimdondoka Bwana Theophil, ikaviringika hadi mguuni kwa Erick, ambaye hakuwa na mkono wa kuiokotea.

Mzee Gharib hakumtazama msimamizi. Aliinama hadi akalingana na mtu wa tope, akainua mikono yake yote miwili, na salamu ikaanza upya.